Nyuki Wasiohama

Kaskazini mwa Alberta, Kanada
20 Agosti 2022

Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limetulia, na mbuzi wanapata angalau majani ya kuguguna. Sisi hatujambo. Mkweo Gichuru anakusalimu sana.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Huku shambani hakuna netiwaki. Na nikikupigia kutoka mjini unapayuka, "Haya Mwaitu, mama yangu, usimalize pesa!" halafu unakata kabla sijakwambia lolote. Bora barua, huwezi kuikata.

Tumehama mjini kabisa. Gichuru alichoka kuendesha malori, tukanunua shamba msituni, tukajenga nyumba ya magogo. Stima hakuna, bomba hakuna. Taa ni za sola, jiko ni la kuni, maji tunateka kwenye kijito. Kutwa tunapasua kuni, maana wanasema baridi ikianza hapa haina mchezo.

Sasa jambo lenyewe. Bibi Olga, jirani yetu mjane, amehamia mjini kwa mwanawe na ameniachia mizinga miwili ya nyuki. Si ya gogo kama yako, ni masanduku ya mbao, moja la buluu na moja la kijani. Ameniambia niwaachie asali yao yote waile wakati wa baridi. Lakini mimi ni mtoto wa mfuga nyuki wa Zombe. Nitamsikiliza jirani kabla ya babangu? Niambie nifanyeje.

Halafu nina ombi. Unakumbuka ulivyokuwa ukipanda mti kwenye mizinga na kaka Mulinge, mimi mkinifukuza ati mwanamke hakaribii mzinga. Naomba ruhusa nichonge alama ya ukoo wetu kwenye masanduku haya, ile iliyo kwenye mizinga yako yote. Nimeitaka tangu utotoni, na sasa nina nyuki. Sema ndiyo, Baba, tafadhali.

Binti yako,
Nzisa

---

Zombe
14 Septemba 2022

Kwa Mwaitu Nzisa, mwenye jina la mama yangu,

Bwana asifiwe tena na tena. Mimi nipo. Goti linauma lakini meno yangali yote. Ndugu yako Mulinge bado anaendesha lori la mtu kule Emali. Hajapanda mti tangu apate leseni.

Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu. Sisi hapa tunaombea stima, nguzo zimelazwa kando ya barabara hata mbuzi wamezizoea, na wewe umevuka bahari kwenda kuikimbia! Wazee wanasema Gichuru amekuroga. Nimewaambia yule hana muda wa uchawi, anapasua kuni.

Hebu nieleze. Maji yakigeuka mawe, nyuki anakunywa nini? Maua yakifa anakwenda wapi? Kuna nchi ya karibu yenye joto anakokimbilia?

Kuhusu asali, achana na Bibi Olga. Nyuki ni mgeni. Shida ikija anahama, wala haagi. Ukimwachia asali ataila ashibe aende zake, au nyegere aje aimalize. Toa masega yote kabla ya baridi. Watahama, na mvua ikirudi watarudi, wao au ndugu zao. Usiwaonee huruma. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote, na babangu kabla yangu.

Kuhusu alama, hapana. Inatoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na wewe umeolewa. Nikikupa, ndugu zangu watasema Muindi amezeeka vibaya. Mwombe mkwe wangu, labda kwao wana ya kwao. Usinune.

Babako,
Muindi

---

Alberta
6 Novemba 2022

Baba,

Bwana asifiwe. Goti je? Poleni na ukame. Nilisikia mjini kwamba mvua imewakataa tena, nikahuzunika.

Huku theluji imefika dirishani. Kwenda kuteka maji unabeba shoka, unapasua barafu ya kijito hadi uyapate, kama tulivyokuwa tukichimba mchanga wa mto wakati wa kiangazi. Kule jua lilitupiga mgongoni, huku vidole vinakufa ganzi.

Nimenuna, Baba. Nimenuna sana. Gichuru alinikuta nikikanda unga wa chapati huku nikibishana na wewe kwa sauti. Lakini neno lako kuhusu asali nimelifuata, nusu. Gichuru alisema, "Babako hajawahi kuona theluji." Tukazozana kutwa nzima. Mwishowe tukakubaliana: mzinga wa buluu niufanye alivyosema Bibi Olga, na wa kijani niufanye ulivyosema wewe. Wa buluu sikugusa kitu. Wa kijani nikatoa masega yote ya asali.

Baba, hawakuhama! Hakuna aliyeondoka, si wa buluu si wa kijani. Nilikimbia mjini kwa Bibi Olga, akanishika mikono akatikisa kichwa. Anasema nyuki wa huku hawana pa kwenda. Baridi ikiingia wanajikusanya pamoja ndani ya mzinga, wanakuwa kama donge la ugali, malkia katikati. Wanatetemesha miili wapate joto. Wa nje akichoka na baridi anasogea ndani, wa ndani anatoka nje, kwa zamu, mpaka maua yarudi. Asali ndiyo kuni zao. Na wa kijani niliwachukulia kuni zote.

Nina hasira, na sijui kama ni juu yako au juu yangu mwenyewe. Nimewapikia sukari ikawa ngumu kama sukari guru, nikaiweka juu yao. Je, kuna kingine unachojua? Niambie upesi. Sitaki wafe mikononi mwangu.

Binti yako,
Nzisa

---

Zombe
11 Desemba 2022

Mwaitu,

Bwana asifiwe hata katika hili. Mwili wangu ni mzima, lakini kichwa umekiharibu. Nyuki asiyehama! Nilimsomea mchungaji akadhani nimeitunga. Nikapanda kilima na goti hili hili hadi kwa Musyimi, mwenye mizinga mingi kuliko sisi sote. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Basi hao si nyuki, hao wameokoka."

Swali lako sina jibu lake. Umeniuliza habari za nyuki, na mimi sijui. Wape sukari, wape yote, hata kama mtakunywa chai bila sukari mpaka maua yarudi.

Mizinga yangu ni mitupu. Mvua imekosa, wamehama wote. Hiyo ni kawaida, nimeizoea tangu ujana. Lakini safari hii nilisimama pale nikawaza: anayekuacha kila shida ikija ni wako kwa njia gani? Hao wako wamekaa. Naona wivu, Mwaitu, nakwambia ukweli.

Sasa nijibu. Miezi yote hiyo ndani ya sanduku, wanajisaidia wapi? Anayekufa wanamweka wapi? Nani anayepanga zamu? Weka sikio kwenye ubao uniambie unasikia nini. Usifungue, nadhani utawapotezea joto. Umeona? Mimi, Muindi, nasema "nadhani".

Niligusia jambo la alama kwa baba zako wadogo. Walipiga kelele hadi kuku wakakimbia uani. Kwa hiyo bado ni hapana.

Babako,
Muindi

---

Alberta
29 Januari 2023

Baba,

Bwana asifiwe. Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu ya wino imeganda. Nguo nikianika inasimama wima kama ubao, suruali ya Gichuru tumeiegemeza ukutani tukacheka. Tu wazima lakini, na kuni bado zipo.

Nimeweka sikio. Wa buluu wanavuma chini chini, kama akina mama wakiomba kimoyomoyo kanisani. Wa kijani pia wapo! Sauti yao ni ndogo, lakini nikigonga ubao wananijibu. Kila asubuhi naenda kugonga kabla ya chai. Gichuru anasema sasa nimeolewa na masanduku.

Jana wa kijani walichelewa kujibu.

Theluji ikianza kuyeyuka barabara yetu inakuwa tope tupu, hakuna gari linalopita. Huenda nisifike posta mpaka mwezi wa nne. Ukikosa barua usiogope.

Binti yako,
Nzisa

---

Zombe
26 Machi 2023

Mwaitu,

Bwana asifiwe. Najua barua hii italala posta mpaka barabara yenu ifunguke. Naandika hivyo hivyo.

Mvua imenyesha. Watu wote wako shambani wanapanda, na mto ulijaa siku mbili. Nyuki wamerudi kwenye mizinga mitatu. Sijui kama ni wale wale. Hawasemi wametoka wapi. Zamani ningechinja kuku. Safari hii nilifurahi kidogo tu, kisha nikajiuliza, wale wa kijani wamejibu leo?

Nilifanya kosa kumsomea mchungaji. Sasa kila Jumapili kanisa zima linaniuliza, "Mzee, nyuki wa Nzisa wanaendeleaje?" Mke wa mchungaji aliwataja kwenye maombi, katikati ya wagonjwa na wanafunzi. Nami niliinamisha kichwa nikaombea nyuki. Sijawahi.

Usiache kugonga.

Babako,
Muindi

---

Alberta
30 Aprili 2023

Baba,

Bwana asifiwe. Uko salama? Leo tumefika posta, gari likakwama mara mbili. Barua yako ya mwezi wa tatu nimeisoma nimesimama nje matope yakiwa hadi magotini, nikaisoma tena.

Wa kijani wamekufa.

Waliacha kujibu mwezi wa pili. Niliendelea kugonga kwa sababu sikutaka kuamini. Siku ya kwanza ya jua nikafungua. Walikuwa donge dogo, linatosha kwenye kiganja, kila mmoja ameingiza kichwa kwenye tundu la sega akitafuta tone la mwisho. Sukari yangu ilikuwa hapo juu yao, karibu kabisa. Walikuwa wachache mno, na baridi haikuwaruhusu kuachana ili waifuate. Nililia kwa sauti, Baba. Gichuru alikuja akasimama tu kando yangu, hakusema "nilikwambia", na namshukuru kwa hilo.

Wa buluu walitoka siku hiyo hiyo. Uliuliza wanajisaidia wapi: hawajisaidii! Wanajizuia baridi yote, na jua likitoka wanatoka wote kwa pamoja. Theluji yote mbele ya mzinga ilijaa madoa ya manjano, na shuka zangu nilizoanika, na kofia ya mkweo. Anayekufa wanamvuta hadi mlangoni wanamsukuma nje. Anayepanga zamu hajulikani. Hata Bibi Olga hajui, na amewafuga tangu usichana wake.

Sikulaumu. Bibi Olga aliniambia ukweli, nami nikakataa kwa sababu nilitaka neno lako ndilo liwe kweli. Habari ya alama basi, sitakuomba tena. Mtu aliyeua mzinga hana haki ya kuuwekea jina la ukoo.

Binti yako,
Nzisa

---

Zombe
28 Mei 2023

Mwaitu wangu, Nzisa,

Bwana asifiwe. Goti limepona, au nimelizoea, sijui. Barua yako niliisoma nikaketi chini. Pole, mwanangu. Nilimwambia mchungaji, naye akatangaza kanisani. Watu wakaja kunishika mkono, "Pole mzee, pole mzee," kama kwa mtu aliyefiwa. Na nilikuwa nimefiwa kweli.

Sasa nisikilize. Waliokufa si wako, ni wangu. Mkono ulikuwa wako lakini neno lilikuwa langu, na neno langu lilikuwa la nyuki wa huku. Kwa hiyo kwenye sanduku la kijani chonga alama yetu. Nimekupa. Baba zako wadogo hawajakubali, na safari hii sikuwauliza.

Lakini la buluu usiliwekee. Usinune, soma mpaka mwisho! Hao wamevuka baridi kwa njia nisiyoijua mimi, wala babangu hakuijua. Aliyekaa nao ni wewe. Nikiwawekea alama yangu nitakuwa mwongo mbele ya watu. Hao watafutie alama yao. Usimwulize Gichuru, usiniulize mimi. Hata hii yetu kuna mtu aliyeanza kuichonga, na nina hakika siku hiyo ndugu zake walipiga kelele.

Ukishaichonga, ichore kwenye karatasi unitumie. Nimetengeneza mzinga mpya wa gogo, nikamwita Mulinge kutoka Emali aupandishe kwenye mti ulio karibu na mto. Alilalamika tangu asubuhi, lakini aliupandisha. Nyuki wameshaingia. Kwenye mfuniko nimeacha mahali patupu, na kila anayepita anasimama kuuliza ni wa nani, maana hajawahi kuona mzinga wangu usio na alama. Namwambia ni wa Nzisa, asubiri posta.

Babako,
Muindi