Nimeitoa Safari ya Suhad kwa Kikombe cha Kahawa

Bi Wafiqa mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, mimi ni Abu Fawaz wa hapa Karak, mtu asiyeshindwa na jambo, lakini hili limenishinda. Marehemu kaka yangu aliniachia binti, Suhad, nikamlea, na leo ni rubani, anarusha ndege kutoka Dubai mpaka Auckland, kilomita elfu kumi na nne na zaidi bila kutua, kwenda saa kumi na sita, kurudi kumi na saba kwa sababu upepo unawapinga usoni, na mimi husema ukipanda ndege hiyo umenyoa utashuka na ndevu za kufagilia uwanja, na watu wa hapa, ambao kwenda Amman tu wanaagana, hubaki midomo wazi. Mke wangu hunikata, "Mzee wewe, umesimulia mpaka kondoo wanaijua njia," lakini Bi Wafiqa, msichana niliyemfundisha baiskeli anapita juu ya bahari isiyo na hata jiwe la kukalia, watu mia tatu wamelala nyuma yake wanamwamini, nisijisifu kwa nini? Sasa juzi wakaja wazee arobaini kumposea kijana wao Qutaiba, ambaye Suhad mwenyewe anampenda, na msemaji wao Abu Mutlaq akaweka kikombe chini bila kukionja, kama ilivyo desturi ya mgeni ambaye ombi lake halijakubaliwa, akasema, "Tunamtaka binti yenu, na tunataka aache hizo safari za mbali, arushe za Amman na Aqaba tu, jioni awe jikoni," na macho yote kwangu, katika nyumba ambayo kahawa haijawahi kumpoea mgeni, kifua kikanijaa, nikasema, "Kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokuja kutaka." Wakanywa. Neno kama hilo kwetu halirudi, na Suhad anatua Ijumaa hajui lolote. Je, nimlazimishe akubali, au nimwachie mke wangu amwambie?

Abu Fawaz wa Karak

*

Abu Fawaz, pole, na aibu kwako.

Barua yako nimeipenda, hata hizo ndevu nimezipenda, na Suhad namwonea fahari bila kumjua. Lakini unaniuliza nani apeleke habari mbaya, wakati mpishi wa habari hiyo ni wewe. Posa ulikuwa na haki ya kuijibu. Kazi ya binti haikuwa yako kuigawa, kama usivyoweza kumpa mgeni mizeituni ya jirani. Ulitaka wazee wakuone mkubwa, ukalipa kwa jasho la mwenzio.

Neno hurudi, likirudishwa na aliyelitoa. Chukua wawili kati ya wazee waliokuwepo, nenda kwa Abu Mutlaq leo, na kahawa yake usiiguse mpaka akusikilize. Mwambie, "Posa niliijibu kwa haki. Usukani wa Suhad sikuwa na ruhusa nao." Usitie chumvi.

Hapo hapo muulize Qutaiba, maana katika barua yako yote kijana hana hata neno moja, kama sharti lile ni lake au la wazee. Likiwa lake, Suhad alijue kabla ya pete.

Ijumaa nenda uwanjani mwenyewe, umpokee, umweleze yote kabla hajayasikia kwa mashangazi. Akikasirika, vumilia. Kisha muulize anataka nini, ukae kimya mpaka amalize. Najua kwako hilo ndilo gumu.

Bi Wafiqa