Anaimba Nisipokuwepo

Jumapili, 24 Agosti

Kwa shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa bwana wako na kwa watoto wote hapo nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepumzika kidogo sasa kwa kuwa baridi imepungua. Sisi huku tunaendelea. Mtoto ni mzima, anakula, na amerefuka hadi lile gauni ulilomletea wakati wa msiba limepanda juu ya magoti. Mimi pia ni mzima wa mwili.

Najua umengoja jibu langu. Ulipoomba mtoto aje alelewe kwako, siku zile baada ya kumzika mdogo wako, nilikukatalia papo hapo, tena kwa sauti ambayo mtu hamtolei shemeji yake. Wewe hukukasirika. Ulisema tu kwamba ana miaka tisa, kwamba mimi nashinda kazini, na kwamba nifikiri hadi likizo iishe. Likizo inakwisha shemeji. Naomba kwanza nikueleze jinsi ilivyokwenda, maana nikikupa jibu kavu hutanielewa.

Unajua jinsi mtoto alivyoacha kuimba. Zamani yeye na mama yake waliimba tangu kuoga hadi kuosha vyombo. Mdogo wako alikuwa na tabia ya kuanza wimbo katikati, wala hajali mwanzo wake, na pale aliposahau maneno aliweka ya kwake, mara sabuni, mara kitunguu, chochote kilichokuwa mkononi. Mtoto alizijifunza nyimbo hivyo hivyo, na sabuni zake ndani. Alipoondoka mama, mtoto akafunga mdomo. Hakununa. Ukimwita anaitika, ukimtuma anakwenda, ukimuuliza anajibu kwa adabu, halafu basi. Jirani mmoja akanisifu eti nimebahatika kupata mtoto mtulivu. Nilimshukuru, nikaingia ndani.

Likizo ilipoanza sikuwa na mtu wa kumwachia, nikawa nakwenda naye pale kwenye udobi wetu. Alikaa kwenye kiti kando ya meza yangu ya kupigia pasi, akilinganisha soksi za wateja. Tuna mama mmoja pale, kazi yake kutia wanga na kupiga soga, sote tunamwita Bi Wanga. Huyo ndiye aliyenijia juu. Alisema mtoto akiendelea kukaa kwenye mvuke ule ataiva kama kiazi, na iko siku nitamkunja kwa bahati mbaya nimweke kwenye kabati pamoja na mashuka ya hoteli. Akasema shule ya karibu na soko wamefungua kambi ya muziki na sanaa ya likizo, watoto wanakwenda asubuhi na kurudi jioni, mpwa wake yuko huko na tangu aanze hata kuvuta kamasi anavuta kwa mdundo. Nilicheka shemeji, mara ya kwanza tangu msiba. Kesho yake nikampeleka.

Nisikufiche, nilitia tumaini langu lote pale. Nilijiambia kwamba akiimba, hata wimbo mmoja tu, nitakuandikia kwa raha kwamba mtoto amepona na anabaki kwa baba yake.

Mwanzoni sikuona badiliko lolote. Jioni nilimkuta amekaa getini na mkoba wake wa kijani, vidole vina rangi na nywele zina gundi ya unga. Nikimuuliza kambi ilikuwaje, ananiambia nzuri baba. Nikimuuliza wamefanya nini, anasema wamepaka rangi. Wameimba? Wenzake wameimba. Tukifika nyumbani ananawa, anakaa, ananitazama nikipika. Hata kijiko alikuwa anakiweka kwenye sahani polepole kisilie.

Siku moja mashine ya mvuke ikaharibika na bosi akaturudisha nyumbani mapema, nikapitia kambini kabla ya wakati. Mwalimu wa muziki, dada mmoja mwembamba aliyekaukiwa sauti kwa kupiga kelele kutwa, akanikuta uani akaniuliza namfuata nani. Pale watoto hawatumii majina yao. Siku ya kwanza kila mmoja hupewa jina la kambi na wenzake, na ndilo anaitwa hadi mwisho. Mimi sikulijua la mwanangu, kwa kuwa hakuniambia. Nikamweleza, yule wa mkoba wa kijani. Mwalimu akapiga kofi akasema, aaa, kumbe ndiwe baba Chiriku!

Nikamwambia amekosea mtoto. Chiriku ni ndege asiyenyamaza, wangu haongei. Mwalimu akaniangalia kama mtu anayetaniwa. Alisema huyo mtoto anaongea hadi wapiga ngoma wanaomba mapumziko, kwamba amemhamishia karibu nao makusudi ili angalau wamfunike, na bado hawamuwezi. Akasema kuimba ndiyo usiseme. Halafu akanyoosha kidole kwenye darasa la mwisho, akasema sikiliza mwenyewe.

Nikasogea hadi dirishani, pale nje walipopandanisha madawati. Shemeji, nilimsikia mdogo wako. Sijui nikuambie vipi. Haikuwa sauti inayofanana naye, ilikuwa ni yeye, pamoja na ile pumzi aliyokuwa anaivuta mahali pasipostahili, katikati ya neno. Ulikuwa ni ule wimbo wa kitunguu. Mtoto amesimama juu ya kiti, ana bawa la karatasi limening'inia begani, anawafundisha wenzake maneno yasiyo na maana na wote wanacheka hadi wanaanguka. Alikuwa anacheka na yeye.

Mimi nilianza kulia. Sikupiga kelele, lakini nililiegemea dawati moja nalo likagonga ukuta. Akageuka. Aliponiona alifunga mdomo katikati ya neno, akashuka, akalivua bawa akaliweka mezani taratibu, akachukua mkoba. Wenzake walimwita Chiriku, Chiriku unakwenda wapi, hakugeuka. Njiani alinishika mkono na kuniuliza kama nimekula mchana.

Siku chache baadaye mwalimu alileta mapazia ya kambi kufuliwa, lakini niliona hayakuwa machafu sana. Alisubiri Bi Wanga aondoke, ndipo akanieleza kilichomleta. Pale kambini wana zoezi moja wanalolipenda. Kila mtoto anachora sauti za nyumbani kwao, halafu wanazipiga kwa ngoma na filimbi wengine wabahatishe ni nini. Watoto walichora redio, watoto wachanga, sufuria, babu anayekoroma. Mwanangu alichora meza na pasi juu yake, na karatasi yote iliyobaki akaiacha nyeupe. Walipomuuliza tupige nini hapo, akasema hapo mnakaa kimya. Mwalimu akamvuta pembeni amuulize. Mtoto akamwambia kwamba nyumbani haimbi kwa sababu akiimba baba anaungua.

Hii sikuwahi kukusimulia. Ninyi mlipoondoka baada ya msiba, siku ile ile, nilikuwa napiga pasi sare yake ya shule, naye akaanza kuimba chumbani, kama alivyozoea. Sikujua nimefanya nini. Nilishtuka kwa harufu. Pasi ilikuwa juu ya mkono wangu wa kushoto na mimi nimesimama tu, nalia, sijautoa. Aliyeichomoa pasi kwenye umeme ni yeye. Niliwaambia wote kwamba niliteleza. Yeye akaleta maji, na tangu hapo hakuimba tena ndani ya nyumba hii. Miezi yote hiyo nilidhani huzuni imemziba koo, nikawa namhurumia, kumbe yeye ndiye alikuwa ananihurumia mimi.

Nilijaribu kumrekebisha shemeji. Nilimkalisha nikamwambia wimbo hauchomi mtu, kwamba baba alizubaa tu, na kwamba ningefurahi sana aniimbie. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Nikakaa kwenye kiti nikaweka mikono mapajani, akaanza. Aliimba huku amenikazia macho usoni, kama vile mtu anavyotazama maziwa jikoni. Nilijikaza. Nilifikiria mashuka, nilifikiria vifungo, nilijiuma ulimi. Hakufika mbali, akaacha, akanipigapiga begani na kusema basi baba, inatosha. Tukajaribu tena siku nyingine, na nyingine. Kila mara ni yeye aliyeninyamazia. Mwisho sikumwomba tena, maana niliona namtesa.

Ikaja siku ya kufunga kambi, wazazi tukaalikwa. Darasa walilipamba kwa ndege wa karatasi, na Bi Wanga alikuja na kanga zake mbili mpya akakaa mbele kabisa akimshangilia mpwa wake hata kabla hajatoka. Mimi nilikaa nyuma, nikajificha kwa baba mmoja mpana wa mabega. Mwanangu alikuwa aimbe peke yake, halafu wenzake wampokee. Akatoka na mabawa yake yote mawili, anameremeta. Akaanza kutazama watu, safu kwa safu, bila haraka, hadi akaniona. Hakunitazama usoni safari hii. Alitazama mikono yangu.

Mwalimu akapiga kinanda, mahali pa kuingia pakapita. Akarudia. Pakapita tena. Watoto wakaanza kunong'ona, mmoja akamwambia kwa nguvu, wewe Chiriku, leo umemeza nini? Watu wakacheka, bila ubaya. Yeye amesimama tu, mdomo wazi kidogo, macho kwenye mikono yangu. Nikaificha chini ya kiti. Haikusaidia. Nikamtabasamia, na kwa jinsi alivyonitazama nikajua tabasamu lenyewe lilikuwa baya.

Basi nikasimama. Nikawaomba watu radhi, nikawapita magoti yao, nikatoka, nikavuka uwanja, nikatoka na getini. Nilikuwa nimefika kwenye ukuta wa nje, pale vijana wanapoosha pikipiki, nilipomsikia ameanza. Aliimba wote. Akaingiza na kitunguu, nikasikia darasa zima linacheka, halafu makofi. Kijana mmoja akazima bomba la maji ili asikie vizuri, akauliza ni nani huyo. Nikasema sijui.

Shemeji, jibu langu ni kwamba uje umchukue. Sikatai tena. Uje mapema, shule yenu isije ikafunguliwa bila yeye. Nguo zake zote nimezifua na kuzipiga pasi.

Nimeshamwambia. Alivyolipokea ndilo jambo nimeshindwa kumwambia mtu mwingine yeyote, nakuambia wewe kwa kuwa ndiwe utakayeishi naye. Nilitegemea atalia. Nilitegemea atakataa, na moyoni nilijua akikataa hata kwa kichwa tu sitaiandika barua hii. Nilipomwambia atakwenda kukaa kwa mama mkubwa, mabega yake yalishuka. Uso ukamfunguka, kama mtoto aliyetuliwa ndoo kichwani. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Halafu akajikumbuka, akaurudisha uso wake wa siku zote, akanishika mkono na kuniuliza nani atakuwa ananikumbusha kula. Nikamwambia Bi Wanga. Akafikiri, akasema sawa baba. Hakuuliza atarudi lini.

Nakuomba mambo machache. Asishike pasi, bado ni mdogo. Akianza wimbo katikati msimsahihishe. Na siku akiimba hapo kwako, najua itakuwa upesi, tafadhali usinipigie simu ili nisikie. Mwache amalize.

Nisalimie bwana wako, mwambie nashukuru kwa kukubali. Wasalimie watoto, na wazee wote wanaoniulizia.

Nanyi mkiwa mmekaa pamoja, naomba mnikumbuke.

Ni mimi shemeji yako.