Kitanda cha Ghorofa Ngapi?

Dada yangu,

Huku wazima, tunabanana tu. Wanangu wawili na binti yako wanalala mzungu wa nne, mguu wa huyu puani kwa yule.

Seremala kaniuliza, "Bosi, kitanda ghorofa mbili au tatu?" Nikabaki nazunguka karakana yake kama kuku anayetaka kutaga. Binti yako akanivuta shati: "Mjomba, mimi usinihesabu. Mama anakuja kunichukua."

Uliniachia kwa wiki moja tu, dada, na sasa meno yake ya mbele yameng'oka na kuota mapya.

Nimeagiza ghorofa tatu. Ukija, ile ya juu tutawekea masanduku. Kama huji, piga simu umwambie mwenyewe, maana mimi utani wote umeniishia.

Kaka yako,
Mzee wa Dili