Watoto Juu ya Meza

Jumatatu, 5 Mei

Inatangazwa kwa walimwengu wote, walio macho na wanaosinzia, kwamba kofia ya zambarau iliyopotea tangu Ijumaa, iliyotafutwa chini ya magodoro, ndani ya masufuria na kwenye mkoba wa mama mmoja asiye na hatia, imepatikana. Mwenyewe alikuwa ameivaa, chini ya kofia nyingine. Shangwe kreshi nzima. Nikarudi kwenye uji.

Baridi imeingia. Hita iko ukutani kama picha ya marehemu. Nyaya za mtaa zimeibwa tena, umeme hakuna. Mama Sifa, mwenye kreshi hii ya kulelea watoto, anataka tutoe taarifa ya majira kwa wazazi, na anataka ianze na majani yanayopukutika. Mtaa wetu hapa Marshalltown, kusini mwa Afrika, hauna mti. Kinachopukutika ni rangi ya kuta. Nitaandika majani hivyo hivyo. Mimi ni mpishi, mlezi msaidizi na, kwa kuwa nilijifundisha mwenyewe kuandika na nikafanya kosa la kulisema, katibu mkuu.

Jumanne, 6 Mei

Mbabula imeingia. Ndivyo Wakongo wanavyoliita jiko la mkaa. Liko katikati ya chumba, limezungushiwa mabenchi watoto wasiliguse. Asubuhi wazazi walinyoosha mikono juu yake wakasifu. Nami nilisifu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa.

Si kwamba Mama Sifa hana tahadhari. Ametoka Goma, chini ya mlima wa moto, ambako hewa mbaya hutoka ardhini ikalala mabondeni. Wanaiita mazuku. Mbuzi anainama kula majani, hainuki tena. Mtu mzima anapita hapo hapo amesimama, hajui kitu. Mama Sifa aliyaona hayo akiwa mdogo. Kwa hiyo ameunganisha meza zote, akatandika magodoro juu, na watoto wanalala mchana huko juu, wamepangwa kama mikate. Hewa mbaya ya mkaa ipite chini, ikamate viatu.

Hoja inaeleweka. Ndiyo maana inanitisha.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia Mama Sifa kwamba moshi wa jikoni kwangu unapanda darini, haulali chini. Amecheka hadi akashika kiuno.

"Da Mwaju, ile ni moshi. Mazuku haina moshi. Wewe ulizaliwa fasi yenye haina volcan, utajua nini?"

Nimezaliwa Kigoma. Kwetu kuna dagaa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeisoma taarifa kwa sauti kwenye kundi la simu, maana wazazi hawasomi ujumbe unaozidi kidole. Kila kofia iandikwe jina. Mwenye homa abaki nyumbani. Mtoto hatatolewa kwa mtu tusiyemjua, hata akijiita shangazi. Na usilale na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hiyo ya mwisho Mama Sifa aliisisitiza mwenyewe, kidole juu.

Nikamwuliza, na sisi je?

"Siye tuko na meza."

Majibu ya wazazi yamekuja mengi. Yote ya kofia. Mama Ishara, anayesuka nywele karibu na kituo cha teksi, ameomba tu binti yake asivuliwe soksi. Ishara ana miaka mitatu na kifua kibovu. Anazungumza Kizulu na mwanasesere wake. Kiswahili anakitunza kwa ajili yangu, akitaka chakula.

Ijumaa, 9 Mei

Kichwa kinaniuma. Kinauma nikiwa ndani, kinaacha nikifika kwenye roboti, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani. Nilidhani ni kelele za watoto. Lakini kelele hakuna. Watoto wanalala vizuri. Wanalala vizuri mno. Mama Sifa anajisifu kwa wazazi kwamba hakuna kreshi mjini yenye usingizi kama wetu.

Nilifungua dirisha. Baba mmoja akalalamika, upepo. Mama Sifa akalifunga na kuziba mwanya kwa blanketi. Nikalitoa blanketi. Akalirudisha. Tukaendelea hivyo, kama wake wenza.

Naogopa na sijui kueleza ninachoogopa. Hilo linaniudhi kuliko hofu yenyewe.

Jumatatu, 12 Mei

Ishara.

Mama Sifa alimlaza juu ya magodoro mawili, kwa ajili ya kifua chake. Mahali pa heshima. Juu kuliko wote.

Wakati wa kuamka wengine waliamka wakilia, mmoja akatapika. Ishara hakuamka. Nilimwita. Nilimfinya. Shingo ilianguka upande. Mama Sifa alimnyakua akatoka naye barabarani bila viatu. Teksi ilisimama bila kupigiwa mkono. Mimi nilivunja kioo cha dirisha kwa sufuria, nikawatoa waliobaki kibarazani, wakakaa wanatetemeka wakinitazama kama mimi ndiye niliyefanya jambo baya.

Nilifika hospitalini jioni, mtoto wa mwisho alipokwisha kuchukuliwa. Ishara amevishwa barakoa ya oksijeni inayomeza uso wote. Mama yake amesimama ukutani, bado ana nywele za mteja kwenye vidole. Nesi aliuliza, mkaa ulikuwa wapi, na mtoto alikuwa wapi. Mama Sifa akajibu kwa fahari kidogo iliyokuwa imembakia: juu, sista, juu kabisa.

Nesi akamtazama. Akasema hewa ya mkaa hailali chini. Inaenea chumba kizima, na joto huipandisha.

Mama Sifa alikaa sakafuni.

Jumanne, 13 Mei

Ishara hajazinduka. Sikupika. Hakuna aliyeleta mtoto, ila baba mmoja asiye na simu, ambaye jana hakumleta mtoto na hakupata habari. Nilikaa na bintiye kibarazani tukitazama magari.

Jumatano, 14 Mei

Amefumbua macho. Ameomba maji, kwa Kiswahili, kwangu. Daktari anasema dalili ni nzuri, tusubiri.

Nimelia chooni. Mlango hauna kitasa, kwa hiyo nimelia nikiushikilia kwa mguu.

Alhamisi, 15 Mei

Kikao cha wazazi. Mmoja alisema ni mkono wa mtu. Mwingine alisema tatizo ni blanketi la dirishani, jiko halina kosa. Baba yule wa upepo akasema, "Eish, basi jiko lirudi, mlango tuache wazi kidogo tu. Watoto watakufa na baridi." Vichwa kadhaa vikaitikia. Nilitamani mwiko wangu.

Mama Sifa akasimama. "Ni miye njo nilibapandisha kule juu. Na mikono yangu."

Mama Ishara, aliyekuja moja kwa moja kutoka hospitalini, alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Alitungua begi la binti yake kwenye msumari, akaondoka. Afadhali angepiga kelele.

Jumatatu, 19 Mei

Watoto wamerudi, karibu wote. Utaratibu mpya: dirisha wazi, hakuna moto ndani, wanalala na makoti. Wamekuwa kama kabichi. Magodoro yako sakafuni. Mama Sifa hawezi kuyatazama yakiwa chini. Kila wanapolala anatoka nje, anasimama kibarazani na mikono kwapani. Amekwisha kuelewa, amenieleza hata mimi kwa ufasaha, lakini miguu yake bado iko Goma.

Nimeandika taarifa upya. Nimeondoa majani.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda kumsalimu Ishara. Ametoka hospitalini juzi. Wanaishi ghorofa ya juu kwenye jengo la zamani la maofisi, vyumba vimegawanywa kwa mbao.

Mama yake hatamrudisha kwetu, wala kreshi yoyote. Amehamishia kazi nyumbani. Wateja wanapanda ngazi, anawasuka hapo hapo, mtoto mbele ya macho yake. "Da Mwaju, usinitajie kreshi. Hapa namwona." Ana haki.

Ishara mzima. Alinipangia vitana kitandani, akavipa majina. Amenona kidogo. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa linawaka pembeni, la maji ya kuoshea nywele na la joto. Mlango umefungwa. Nilimwomba mama yake aufungue kidogo. Akasema ukiachwa wazi, vibaka wa ngazini watabeba simu za wateja.

Nilitazama kuta zote. Upande wao hauna dirisha.