Waliandika Baba Hakuwepo Nyumbani

Ijumaa, mwezi wa sita, 2014

Leo kambi yetu ya Dzaleka imeamka na manyunyu na baridi ya kuuma vidole. Ni siku ya kukaa ndani na kushona. Sikushona hata sketi moja. Nimechoka, kanga yangu ina matope mpaka magotini, na nina furaha.

Niandike kabla usingizi haujanichukua.

Dada yangu Espérance, yule anayeishi Kanada, alimtengenezea baba viatu. Si viatu vya dukani. Mguu wa kushoto wa baba ulivunjika wakati tunakimbia kutoka Bukavu, ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. Tulichora nyayo zake kwenye kartoni, tukapima tofauti ya miguu, tukamtumia dada picha kwa simu. Fundi wa kule akashona viatu ambavyo soli ya kushoto ni nene kuliko ya kulia. Dada akavituma kwa kampuni ya vifurushi, akalipia ile huduma ya juu kabisa, yenye garanti: ndani ya juma moja, mpaka mlangoni kwetu.

Juma likapita. Likapita na lingine.

Nilipiga simu ofisini kwao Lilongwe mpaka nikaukariri ule muziki wao wa kusubirisha watu. Mara uniti za simu zinaisha, mara wananiambia niwe na subira. Jumatano hatimaye sauti moja ikanijibu vizuri: kifurushi kiko, dereva alikileta Jumanne ya juma lililopita, hakukuta mtu nyumbani, akakirudisha.

Mimi nilicheka. Nikamsimulia baba kama kichekesho, maana baba hatoki. Kila siku anakaa mlangoni karibu na cherehani yangu, fimbo magotini, anasalimia kila anayepita. Jumanne ile alikuwa palepale, na mimi nilikuwa nashona yunifomu za shule.

Baba hakucheka.

Aliiacha chai yake ikapoa. Halafu akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Neema, mi kukaa hapa njo kazi yangu ya kila siku. Na ile kazi nayo banasema sikuifanya?"

Nikamwambia nitaenda mjini kulalamika, warudishe na pesa za dada.

"Tutaenda sisi wote. Banione."

Nakiri hapa, kwa kuwa sitathubutu kumwambia: nilitaka kumkataza. Niliogopa njia ingemchosha. Na niliogopa zaidi kwamba pale ofisini watamwona mzee wa kambini mwenye fimbo, wamcheke.

Leo asubuhi tukaondoka. Baba alikaa upande nyuma ya kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, mimi nikatembea nyuma yake kwenye matope mpaka barabarani tulipopata gari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali ya Kichewa. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kweli. Sikusema hata moja.

Ofisini kulikuwa na foleni. Zamu yetu ilipofika, msichana wa kaunta, jina lake Chikondi, akauliza shida yetu. Kabla sijafungua mdomo baba akaweka fimbo juu ya kaunta, akavua kofia.

"Mwambie hivi," akaniambia. "Mi njo ule mutu hakukuwa ku nyumba."

Nikatafsiri. Chikondi akaangalia kompyuta, akamwangalia baba, akaangalia ule mguu. Hakucheka. Akaniuliza kama mzee anatoka mara nyingi. Nikamwambia mara ya mwisho kutoka ilikuwa Pasaka, kwenda kanisani, tena tulimshika huku na huku.

Akaenda nyuma, akarudi na dereva. Kijana mpole tu, macho chini. Alisema alifika kwenye soko la barabara kuu, akaona kambi ni kubwa na nyumba hazina namba, mvua nayo ikaanza. Aliogopa kupotea na mzigo wa watu wengine. Akaandika kwamba hakukuta mtu.

Nilishaanza kupandwa na hasira. Baba akanigusa mkono.

"Kuogopa si kosa," akasema, na mimi nikatafsiri neno kwa neno. "Mi pia nimeogopaka njia. Lakini useme we haukufika. Usiseme mi njo sikukuwako."

Dereva akapiga magoti kidogo, kama wanavyofanya hapa mbele ya wazee. "Pepani, bambo," akamwomba radhi. Hilo baba hakuhitaji nimtafsirie.

Chikondi akasema garanti imevunjwa na kampuni yao, kwa hiyo dada atarudishiwa alicholipa. Baba akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesubiri neno lenyewe. Akauliza, "Na ile bameandika?"

Chikondi akaigeuza kompyuta ili nione. Akafuta, akaandika upya: dereva hakufika kwa mpokeaji. Baba akanitaka nimsomee kwa Kiswahili. Nikamsomea. Akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Sasa muniletee koli yangu."

Chikondi akakileta kifurushi, nikapiga magoti palepale sakafuni nikamfunga kamba za viatu. Mama mmoja wa foleni akavuta kikapu chake kutupisha. Baba akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi. Mabega yake yalikuwa sawa. Akasimama mbele yangu, na nikajikuta nainua uso ili nimwangalie machoni.

Baba yangu ni mrefu kuliko mimi. Nilikuwa nimesahau.

Tuliposhukuru na kutoka, nilidhani tutarudi moja kwa moja. Hapana. Alitaka kuona Old Town, kule ninakonunua nyuzi na vitambaa. Tuliingia duka baada ya duka, tukipumzika kwenye vibaraza. Alibishana na mwenye duka kuhusu kitenge cha bluu, kila mmoja kwa lugha yake, na wakaelewana. Tukala nsima, ugali wa hapa, na samaki. Akasema samaki wa ziwa letu la Bukavu wana ladha zaidi. Huwa anasema hivyo kila mara, na leo nilimkubalia.

Sasa amelala. Viatu kavipanguza mwenyewe, kaviweka karibu na kichwa. Kabla ya kulala kanitangazia kwamba kesho ataenda kumsalimia mzee Ndayizeye, rafiki yake Mrundi anayekaa upande wa pili wa kambi. Peke yake. Hataki kushikwa mkono.

Nimesema sawa. Yunifomu zinanisubiri, nitakaa kwenye cherehani yangu nishone.

Lakini nitaweza kweli kushona bila kuchungulia njiani kila baada ya mshono?