Kipimapembe alichoniachia Marwa

Jumatano, jioni. Mvua imenyesha hapa Susuni tangu saa nane, sasa imebaki ile ya kudondoka moja moja kwenye bati. Viatu vyangu vina tope mpaka kwenye kamba na sina hamu ya kuvisafisha.

Leo nimeharibu kipindi mbele ya mkufunzi.

Hii ni wiki yangu ya sita ya mazoezi ya kufundisha. Chuo kilinileta kwenye shule hii ya kata, Hisabati Kidato cha Kwanza. Mkufunzi alipokuja mara ya kwanza kunikagua nilikuwa nimetoka kumzika kaka yangu, sauti haikutoka, nikafeli. Leo ndiyo ilikuwa mara ya pili.

Kaka yangu ni Marwa. Naandika "ni", siwezi bado ile nyingine. Aliishia darasa la saba akawa fundi seremala, na ndiye aliyenilea baada ya wazazi. Chuoni walipotuambia kila mtu atengeneze zana zake za kufundishia, nilimwomba anichongee kipimapembe kikubwa cha ubaoni. Alichonga ubao wa nusu duara, upana kama sinia la ugali wa watu wanne, na kishikio cha ngozi. Jumamosi na Jumapili baada ya ibada alikaa mlangoni akichora mistari ya nyuzi. Aliweka kipimapembe changu kidogo cha plastiki katikati, akavuta uzi mpaka ukingoni, akachora mstari. Kisha mwingine. Alipofika tisini akanyoosha mgongo na kuniambia, "Sasa nimekuwa profesa. Niletee uji."

Jumatatu asubuhi bodaboda ikaja kumchukua kwenda Matongo. Walikuwa wanamwita kupanga magogo ya kuzuia udongo kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Upande wa kushoto wa kipimapembe ulikuwa bado mtupu. Akakiweka mapajani akaanza kuchora bila uzi.

"Marwa, tumia uzi."

"Uzi wa nini? Jicho langu limepima mbao miaka kumi."

Nje yule wa pikipiki akapiga honi, akamwita kijana kwa Kikurya. "Mura, twende, au nikuache?"

Akamaliza, akanikabidhi, akapanda. Alhamisi ya wiki hiyo shimo lilititia naye akiwa ndani.

Siku ya kutuaga chuoni tuliweka zana zetu kanisani mbele ya madhabahu, mchungaji akapita akiziombea. Kipimapembe cha Marwa alikigusa kwa mkono mzima. Nilifurahi. Sikujua kwamba anabariki makosa.

Tulifundishwa kwamba mwalimu hupima zana yake kabla ya kuingia darasani. Sikuipima. Niliona kumpima Marwa ni kumtilia shaka, na yeye hayupo kujitetea. Huo ndio ukweli wangu wote.

Basi leo nilikuwa nafundisha kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa zinakuwa nyuzi mia na themanini. Pembetatu ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili niliichora yenye pembe butu. Nikapima, nikaandika: mia na thelathini na sita, ishirini na nane, ishirini na mbili. Darasa likajumlisha.

"Madam, imezidi," alisema Bhoke, msichana wa dawati la mbele. "Mia na themanini na sita."

Sauti ikatoka nyuma: "Hii pembetatu imechungwa Susuni, imenona!"

Walicheka mpaka madawati yakagonga. Na mimi nilitaka kucheka. Bhoke akanyanyuka na kipimapembe chake cha plastiki, akakibandika kwenye ubao, akasoma taratibu, "Mia na thelathini, madam." Aliona haya kwa niaba yangu. Nikafuta ubao bila kuambiwa, na sikumbuki nilichosema mpaka kengele ilipogongwa.

Barazani mkufunzi alikigeuza kile kipimapembe mikononi. Si mtu mkali.

"Mwalimu, ulikipima?"

"Hapana, mwalimu."

"Nani alikutengenezea?"

"Kaka yangu."

"Basi mrudishie akirekebishe. Ijumaa narudi, nikione kikiwa sahihi."

Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Ningeweza kumwambia. Nikifeli Ijumaa, narudia mazoezi yote mwakani, na sioni nguvu ya mwakani itatoka wapi. Shule haina kipimapembe kingine cha ubaoni.

Nilipofika chumbani nilifanya nilichopaswa kufanya zamani. Nilichukua uzi na kukipima.

Kulia, kuanzia sifuri hadi tisini, hakuna kosa hata moja. Baada ya tisini mistari inabanana, inakimbizana. Karibu na mwisho aligundua nafasi imebaki nyingi, akaitawanya, kwa hiyo mistari kumi ya mwisho imeachana kama meno ya mtoto. Nimeiona Jumatatu ile yote pale. Nimeiona hata honi.

Mama mwenye nyumba aliniona na msasa nilioununua dukani, akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia kazi ya shule.

Nimesugua upande wa kushoto. Nilianza na mia na thelathini na sita kwa sababu ndiyo iliyoniumbua. Namba zake zimetoka haraka kuliko nilivyotarajia, ile saba yake yenye mkia na ile nane yake iliyolala. Unga wa mbao umejaa kwenye sketi. Sijaukung'uta.

Lakini Marwa alikuwa na haraka, na mwenye haraka anakandamiza penseli. Weusi wa penseli umetoka, mikwaruzo imebaki ndani ya mbao. Nikizidi kusugua ukingo utakuwa mwembamba na utavunjika. Nimeacha.

Kesho kabla ya zamu yangu ya usafi nitachora mistari ya kweli kwa uzi, katikati ya hiyo ya kwake. Sidhani kama itaniokoa.

Ijumaa Bhoke atakuwa dawati la mbele, ataona mistari yote miwili, wangu na wa Marwa. Akiniuliza huu mwingine ni wa nini, nitamjibu nini mimi?