Kitasa cha Mlango wa Mbele

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia umenunua nyumba ya kupangisha. Kabla hujaweka mtu, subiri mvua inyeshe uikague dari, maana rangi mpya huficha mengi. Rafiki usimpangishe, urafiki na kodi haviivi chungu kimoja. Na mpangaji akihama, badilisha kitasa siku hiyo hiyo, hata kama mmeagana kwa kucheka.

Umeuliza kama shemeji yako hajambo. Alihama tangu kiangazi. Fundi wangu wa vitasa kila akipita huuliza kama na mlango wangu tuubadilishie kitasa. Namwambia hiki bado kizima.

Aliondoka na ufunguo wake, mdogo wangu. Ndiyo maana siku hizi nalala bila kuweka komeo.

Ni mimi,
kaka yako